Ukuta wa Ukweni

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Katoro

Nimeitwa semina. Kesho, Geita mjini, siku nzima. Mafundi wa nyumba za makazi, wawili kila mtaa. Kuna mwongozo mpya wa ujenzi, wa jinsi ya kufunga kuta zisiyumbe. Kufunga kuta! Mimi Bujiku, miaka ishirini na mbili nimeshika mwiko, leo nikafundishwe ukuta.

Limi kafurahi kuliko mimi mwenyewe. Kanipigia pasi shati la kanisani. Eti mke wa fundi mwenye cheti hatembei kama mke wa fundi hivi hivi. Nikamwambia cheti changu ni nyumba zilizosimama. Anzia stendi, shika barabara ya Ushirombo, kila mtaa una mkono wangu. Watu wananiita Injinia. Sijajiita.

Jina lenyewe nilipewa Samuye, ukweni, siku tulipomkabidhi mama mkwe nyumba yake. Mwaka 2018. Walichinja dume. Maduhu, kaka yake Limi, akapanda juu ya mkokoteni akapiga kelele: "Injinia wetu!" Wanawake wakapokea kwa vigelegele. Basi likaganda.

Sibebi daftari jipya. Hili la vipimo linatosha, naandikia kurasa za nyuma. Anayetaka kusoma mwandiko wangu kwanza aombe dua.

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Aibu. Naiandika ili initoke kifuani.

Mwalimu ni binti. Injinia Serafina, umri wa mdogo wangu wa mwisho, buti zimejaa vumbi. Kaingia, katupa "shikamooni", ukumbi mzima tukaitikia marahaba kwa kishindo. Akauliza nani hapa ni mzoefu. Onesmo — fundi mwenzangu wa Katoro, mdomo wake hauna breki — akaninyooshea kidole. "Huyu hapa, Injinia mwenzako!" Wakacheka. Nami nikaenda mbele, kifua mbele.

Alichora nyumba ubaoni. Akaniambia, baba, tuchoree lenta. Nikachora ninavyojenga siku zote. Kipande cha zege juu ya mlango. Kipande juu ya kila dirisha. Nikasogea pembeni nasubiri makofi.

Akasema asante, nyumba nyingi zimejengwa hivi hivi, na ndivyo zinavyoanguka. Hakusema kwa kejeli. Angekejeli ningejibu!

Kisha akachukua boksi la maji ya chupa. Akakata kifuniko na kitako, akachana kona zote nne, akazishikiza kidogo tu zisimame. Akasukuma kwa kidole kimoja. Chali. Akabandika selotepu vipande vipande, juu ya pale alipochora mlango na madirisha. Akasukuma. Chali tena. Mara ya tatu akaizungusha selotepu boksi zima, kona kwa kona, bila kuikata. Akasukuma — boksi likagoma. Akaniita nisukume mimi. Likagoma.

Mwongozo ndio huo. Mkanda wa zege uzunguke nyumba yote, usikatike popote, nondo zikunjwe kwenye kona. Ukuta mrefu lazima upate ukuta wa kuukatisha, au nguzo ya zege katikati. Ile pembe tatu ya tofali juu, chini ya bati, ifungwe na kenchi za paa. Onesmo alichimba dhahabu zamani kabla ya kushika mwiko. Akaropoka, "Kumbe ni matimba!" Yaani zile nguzo za kuzuia duara, shimo la dhahabu, lisifunike watu. Serafina akasema ndiyo, ni matimba. Hapo hakucheka mtu. Kila mmoja mle ana mtu wake aliyebaki chini.

Mwishoni mzee mmoja akauliza, je nyumba zilizokwisha kujengwa? Akasema tazameni ufa unaoanzia kona ya dirisha unapanda mshazari. Ukiona kalamu inaingia, hamisha kitanda kwanza, fundi aitwe baadaye. Na chumba kisilaliwe.

Nikaandika. Kisha nikaufunika ukurasa kwa kiganja, Onesmo asiuone.

Cheti nimepewa. Sijakitazama.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Limi kakipeleka cheti kwa fundi wa fremu. Kitatundikwa sebuleni.

Leo kazini nimewakoromea vijana bila sababu. Kozi ya tofali iko sawa nasema imepinda. Kichwa kiko Samuye.

Acha niseme ukweli, humu hakuna wa kunisikia. Nyumba ya mama mkwe nilichora vyumba viwili upande wa nyuma, na ukuta wa kuvitenga. Ukuta tukaanza. Zilifika kozi tatu. Mama mkwe akaona afadhali chumba kimoja kirefu, wajukuu wakija walale naye wote. Hakuniambia mimi. Mkwilima hazungumzi na mama mkwe habari za chumba chake cha kulala, mwiko kabisa. Alimwambia Maduhu. Maduhu akamwambia Limi. Limi akaniambia mimi. Neno likipita midomo mitatu linafika limeshakuwa amri. "Hapana" yangu ningeirudisha kwa njia gani? Nimtume mke wangu akamwambie mama yake hajui kitu?

Nikazing'oa zile kozi tatu. Kwa mikono yangu. Ukabaki ukuta wa nyuma mita saba, mtupu, madirisha mawili, na pembe tatu ya tofali juu yake. Mkanda hamna. Vipande.

Hiyo ni sababu. Ila si yote, na mimi najua. Siku ya kupiga plasta niliusukuma ule ukuta kwa bega. Ukajibu. Ulicheza! Nilihisi begani. Nikatazama nyuma kama kuna aliyeona, hakuna. Nikasema plasta itaushika. Plasta! Fundi wa miaka kumi na sita kazini kwa wakati ule, anasema plasta itashika ukuta. Kwa kuwa dume lilishanunuliwa na watu walishaalikwa.

Na udongo wa pale ni wa mbuga, mweusi. Kiangazi unapasuka hadi mguu wa ndama unazama. Masika unavimba. Miaka sita unaupandisha na kuushusha ule ukuta.

Tangu siku ya kukabidhi sijakanyaga chumba kile. Siruhusiwi.

Anayelala mle ni mama mkwe. Na Hosiana wangu, miaka tisa. Anasoma huko.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Nimempigia Hosiana kwa simu ya Maduhu. Shikamoo baba, marahaba, umekula nini, shule vipi. Kisha nikamuuliza, mwanangu, ukuta wa dirishani mnakolala una ufa?

Sauti yake ikashuka ikawa mnong'ono.

"Bibi amesema nisiseme."

Limi alikuwa anapembua mchele, akauliza kuna nini. Nikasema mtoto anataka viatu vya shule. Mungu anisamehe, hata uongo umenijia upesi hivyo.

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Kanisani wametangaza jina langu. Fundi wetu kapata cheti cha serikali, simama Bujiku tukuone. Nikasimama. Wakapiga makofi, mimi natazama viatu.

Kesho ni Nyerere Dei, hakuna kazi. Naenda Samuye. Nimemwambia Limi napeleka viatu. Kafurahi, kaniongezea sukari na sabuni. Kasema msalimie mama, mwambie mkwe wake sasa ni injinia wa kweli.

Jumatatu, 14 Oktoba 2024. Samuye

Nimefika alasiri. Mama mkwe alinipokea kwa adabu zote, yeye kibarazani, kitenge kichwani, uso kautazamisha pembeni. Mimi huku karibu na zizi. Nikamsalimu kwa Kisukuma, umeshindaje mama: "Mwadila mayu." Akaitikia, akauliza habari za Limi, za watoto, za mvua za Katoro. Goti linamsumbua, kashapelekwa hospitali ya Kolandoto mara mbili. Sauti ile ile, ya upole. Jogoo akakamatwa nikiwa bado nimesimama.

Nikazunguka nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta choo. Ukuta umesiribwa upya! Udongo na chokaa, bado haujakauka vizuri kwa chini. Mshazari, kutoka kona ya dirisha mpaka karibu na bati. Kiraka chembamba kirefu, kama kovu. Mtu ameuficha ufa kwa mikono, alama za vidole zipo. Vidole vidogo vya mwanamke.

Nikamuuliza Maduhu nani kasiriba. Akasema mama mwenyewe, wiki hii, baada ya simu yangu. "Anasema Injinia akija akute nyumba inang'aa."

Nimekula jogoo. Paja nimepewa mimi.

Jumanne, 15 Oktoba 2024. Samuye

Sikiliza nilivyo mwoga.

Asubuhi nimemchukua Maduhu kando. Nikampa kalamu yangu, hii hii ninayoandikia. Nikamwambia, shemeji, mimi siingii kule, unajua. Ingia wewe, kama kuna kitu kimetundikwa karibu na dirisha kiondoe, jaribu hii kalamu kama inaingia. Akacheka, akaniuliza semina ilikuwa ya ujenzi au ya uganga. Akaingia.

Katoka hacheki tena. Kashika kalamu kwa ncha ya vidole. "Imeingia mpaka kwenye kishikio, shemeji. Nilidhani naipoteza."

Nikajibu nini? Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikasema — ah, ni plasta hiyo, joto la kiangazi. Si kitu.

Maduhu akapumua. Akaniamini! Akasema basi kama Injinia umesema. Akaenda zake kuswaga ng'ombe kwenye lambo.

Nikabaki nimesimama na kalamu. Sijawahi kujidharau hivi. Mwizi ana nafuu, mwizi anakimbia.

Mchana Hosiana karudi kutoka shule. Nikamvisha viatu, vinambana kidogo, kasema havibani ili nisijisikie vibaya. Nikamuuliza polepole, mnalalaje. Akasema zamani yeye alikuwa analala upande wa dirisha, kuna upepo mzuri. Sasa bibi kambadilisha. Bibi ndiye analala ukutani. Nikamuuliza kwa nini.

"Bibi anasema ukuta ukija, uje kwake."

Nikamuuliza tangu lini. Tangu darasa la kwanza, kasema. Yuko la tatu.

Miaka miwili! Yule mama anajua miaka miwili. Anaweka mwili wake katikati ya mwanangu na kazi yangu, halafu kila Krismasi ananichinjia jogoo. Na hajamwambia hata Limi. Mtoto kaambiwa, mkwilima akiaibishwa ukweni harudi tena, na mama yako atalia.

Nimekwenda kukaa nyuma ya zizi. Nimelia. Mtu wa miaka arobaini na nne.

Jumatano, 16 Oktoba 2024. Samuye

Saa tisa alasiri. Nimekalia ndoo ya maji iliyopinduliwa mbele ya nyumba. Ngassa, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, kaniambia nikae hapa nisiondoke. Naandika kwa sababu mikono haitulii.

Nianze asubuhi. Nilimwambia Maduhu ukweli wote. Kwamba jana nilisema uongo. Kwamba ukuta ni mbovu na ubovu ni wangu, tangu siku ya kwanza. Akasema tu, "Mtoto wako analala mle, shemeji." Nikasema najua. Akasema, "Na mama yangu." Nikasema najua.

Akaingia kumwambia mama yake ahame chumba. Akatoka. Mama hataki. Akaingia tena. Hataki. Anasema akitoa kitanda nje majirani watauliza, na wakiuliza watajibiwa nini? Nyumba iliyochinjiwa dume! Hosiana aliporudi kutoka shule nikamtuma yeye, akatoka na jibu kaliimba vizuri kama salamu ya shuleni: "Bibi anasema ukuta umesimama miaka sita, hautaanguka leo baba akiwepo watu wanamwona."

Mtoto nilimzuia asirudi ndani. Nikamkabidhi kwa mke wa Maduhu.

Saa saba mawingu yakajaa upande wa kusini, meusi. Upepo wa vumbi ukaanza, ule wa mvua za kwanza, unaobeba mabati. Nilikwenda nyuma nikaweka kiganja kwenye kiraka. Chokaa ilikuwa inadondoka yenyewe. Upepo ukivuta, ukuta unavuta. Ukiachia, unaachia. Unapumua!

Nikarudi mbele. Nikasimama mlangoni mwa sebule, mguu mmoja kizingitini. Nikaita, mimi mwenyewe, bila mtu wa kati: "Mayu, toka nje, nakuomba." Ikaja sauti yake, ndogo, ya kunionea huruma. "Rudi nje mwanangu. Si vizuri wewe kuniita humu."

Nikaelewa. Yule mama hang'ang'anii chumba. Ananishikia aibu yangu, kashaishika miaka miwili, na atakufa nayo mkononi kabla hajaiachia mbele za watu. Hatatoka maadamu kuna cha kuficha.

Basi nikapiga mwano.

Hapa Usukumani mwano, yowe la kuita kijiji, haupigwi ovyo. Ni wa mwizi, moto, mtu aliyeuawa. Ukipigwa kila mwanaume anaacha anachofanya anakuja na fimbo, asiyekuja anatozwa. Sijawahi kuupiga maisha yangu. Nilisimama pale uwanjani nikaupiga mara tatu, koo likachanika. Jirani wa kwanza akaupokea, wa pili akaupokea, filimbi zikaanza kulia kule kwenye majaruba ya mpunga. Wakaja mbio. Thelathini, arobaini, fimbo, mapanga, mmoja bado ana sabuni usoni. Ngassa mbele. Anahema.

"Nani kapiga mwano?"

Mimi.

"Mwizi yuko wapi?"

Nikawaambia hakuna mwizi. Kuna ukuta. Nikawaonyesha. Nikasema nyumba hii mnayoijua niliijenga vibaya, nilijua inacheza nikaipaka plasta, nikala dume lenu, nikapokea jina lenu. Ukuta wa nyuma hauna mkanda, hauna nguzo, hauna wa kuushika. Sasa unakuja. Mama yenu amejua miaka miwili, kalala upande ule ili umwangukie yeye mtoto wangu apone, na kanyamaza ili mimi nisiaibike. Nikasema, mimi si injinia. Naomba msiniite tena. Naomba mnisaidie kumtoa.

Mmoja kule nyuma akacheka. Kicheko kifupi, akakatiza. Vijana wawili wametoa simu wananipiga picha. Sawa. Wapige. Iende mpaka Katoro, Limi aione. Sikupata kumwambia kwanza — hilo nalo, jamani, hilo nalo!

Ngassa hakucheka. Akazunguka nyuma, akarudi, uso umebadilika. Akawatuma vijana kumi wakate miti ya kuegemeza, mirefu, upesi. Wengine washushe bati upande ule. Mimi akaniambia kaa hapo kwenye ndoo, ya mwano tutakuuliza baadaye. Sijui watanifanya nini. Nashangaa siogopi. Aibu ipo, imenijaa mpaka masikioni, ila leo iko nje, kila mtu anaiona.

Matone yameanza. Makubwa, yanachafua ukurasa.

Ngassa anabisha mlango. "Mama, wote tumeshasikia. Hakuna siri tena. Toka."

Miti bado haijafika. Vijana wamebakiza kama hatua mia, nawaona wanakimbia nayo mabegani. Maduhu ameingia, nasikia wanaongea kwa Kisukuma, chini chini, jina langu limo. Maduhu analia, au ni mvua.

Sasa kuna kitu kinaburuzwa mle ndani. Kitanda, miguu inakwaruza sakafu niliyosiriba mimi. Kinasogea. Kimesimama. Watu wote wanasikiliza. Siwezi kujua kutoka hapa kama anakileta mlangoni au anakirudisha ukutani. Hapana: mguu wa kitanda umetokeza mlangoni, na nyuma yake kitenge cha mama mkwe.